Kaimati: Jina Lenye Nasaha



Ndugu zetu waliotoka Pwani wakaweka makazi Witeithie, baina ya Thika na Ruiru, wampelekeapo jirani sahani ya kaimati, huenda wakaulizwa: jina hili lina maana gani? Inafaa mama wa nyumba awe na jibu, na watoto walisikie.

Asili yake ni neno la Kiarabu luqma, yaani tonge. Likidogeshwa huwa luqayma, kitonge. Na wingi wake ni luqaymat, vitonge. Wazee wetu waliiangusha silabi ya mwanzo, wakatia irabu mwishoni kama ilivyo tabia ya Kiswahili, likawa kaimati. Watu wa Ghuba wangali wakisema luqaimat, na Waturuki huita lokma. Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, katika kitabu chake cha upishi cha mwaka 1226, aliitaja luqam al-qadi, matonge ya kadhi.

Basi jina lenyewe linatuambia kiasi: vitonge, tena vidogo. Na neno hilo hilo, luqaymat, limo katika Hadithi aliyoipokea Al-Miqdam bin Ma'dikarib (R.A.), kwa riwaya ya Ibn Majah. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa vitonge vichache vya kuusimamisha mgongo vyamtosha mwanadamu, na ikiwa hapana budi kuzidisha, basi thuluthi iwe ya chakula, thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi.

Tujitazame sasa. Ramadhani ikiingia, sinia hujaa kaimati zinazoogelea katika shira. Baba mwenye kisukari hula kwa kuona haya kukataa, mtoto hushiba utamu akaiacha futari, na zilizosalia hutupwa asubuhi. Je, hivyo ndivyo vitonge?

Hatusemi kaimati ziachwe. Twasema zipikwe kwa kadiri, shira iwe nyepesi, mgonjwa asilazimishwe, na sahani ya jirani itolewe kwanza, awe Muislamu au asiwe. Maana haki ya jirani haikubaguliwa.

Witeithie, kwa Kigikuyu, ni kumwambia mtu ajisaidie. Nayo ni nasaha njema: daktari na sheikh hawataushika mkono wako uendapo sahanini. Hapo kila mmoja hujisaidia mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.