Bukavu: Jina la gari halishiki freni

Kila anayetafuta gari ya okazyo mjini Bukavu anapewa shauri lilelile: chukua Toyota hata macho yakiwa yamefungwa, kimbia Fiat na Alfa Romeo, kwani gari ya Mwitaliano ni ya kulala garaji. Nusu ya shauri hilo ni kweli. Nusu ingine inamaliza akiba za familia, na imefika wakati ikataliwe wazi.

Upande wa kweli kwanza. Mwenye kununua Fiat Punto ao Alfa 147 iliyotumika na kuileta Bukavu anajitafutia kazi. Moteri nyingi za magari hayo zinatumia mkanda wa mpira unaoendesha valvu, na mkanda huo uko na muda wake. Ukipitisha muda, siku unakatika gari inasimama palepale. Toyota IST na Vitz zinatumia mnyororo, unaodumu zaidi. Volanti ya umeme ya Punto ya pili na bwati ya vitesi ya Selespeed ya Alfa 147 zinalalamikiwa hata Ulaya. Piesi inapokosekana mjini, gari inakaa imefunikwa turubai wakati mwenyewe anaagiza mbali.

Lakini Punto hiyohiyo ilipewa tuzo ya gari ya mwaka Ulaya mwaka 1995, na Panda ikaipata mwaka 2004. Hayo si magari ya ovyo. Yalitengenezewa mahali ambapo mkanda unabadilishwa kwa tarehe yake na fundi anayejua kazi hiyo yuko karibu. Shida ya Fiat katika Bukavu ni kwamba iko mbali na fundi wake.

Sasa nusu ya uongo. Toyota nyingi za mji huu zimetoka Japani, ndiyo maana volanti zao ziko kuume katika inchi ambamo watu wanaendesha kuume. Kule Japani gari mpya ya mtu binafsi inapimwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Vipimo hivyo ni ghali, basi wengi wanaachilia gari na inapelekwa mnadani. Mnadani gari inapewa karatasi yenye alama za hali yake, na herufi R inaonyesha kwamba iligonga na kutengenezwa. Cheti cha kuitoa Japani nacho kinaandikwa kilometa zilizosomwa kwenye vipimo.

Karatasi hizo zinaweza kusafiri na gari mpaka Mombasa ao Dar es Salaam. Mbona mnunuzi wa Nyawera ao Kadutu hazioni? Anaonyeshwa rangi inayong'aa, viti vilivyosafishwa, na tablo yenye kilometa chache za kupendeza. Kilometa za tablo zinarudishwa nyuma kwa kompyuta ndogo, kazi ya dakika chache tu. Na mnunuzi haulizi, kwa sababu amekwisha ambiwa: hii ni Toyota.

Hapo ndipo penye hatari. Fiat inachunguzwa kwa sababu hakuna anayeiamini. Toyota inaaminiwa, basi haichunguzwi. Muuzaji asiye mwaminifu anajua jambo hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na jina la kiwanda linamfunikia moteri iliyochoka, shasi iliyoungwa na freni zilizoisha.

Tena jina kubwa halizuii kasoro ya kiwandani. Mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka 2017, ilifungwa ndani ya magari ya viwanda vingi, Toyota ikiwemo. Baadhi yake ilipasuka na kurusha vipande vya chuma, na joto pamoja na unyevu viliongeza hatari. Viwanda viliita mamilioni ya magari yarudishwe. Ni wanunuzi wangapi wa Bukavu wamewahi kuuliza kama gari yao ilikuwa kati ya hayo?

Katika mji wa milima, swali hili si la pesa tu. Gari inayopanda Kadutu kila siku na kushuka imejaa watu, ao inayopita mteremko wa Ngomo kuelekea Uvira, inategemea freni. Freni iliyoisha haijui kama gari ilizaliwa Japani ao Torino.

Watakuwepo wa kusema kwamba mnunuzi maskini hana nafasi ya kuchagua. Ni kinyume. Tajiri akidanganywa atanunua ingine. Mwalimu ao mama wa biashara aliyeweka akiba miaka mingi hatapata mara ya pili. Kumlipa fundi wake mwenyewe, asiye rafiki wa muuzaji, aje asikilize moteri ikiwa baridi na atazame chini ya gari ni bei ndogo sana kando ya bei ya moteri.

Wengine watasema karatasi zimeandikwa Kijapani. Lakini tarakimu za kilometa na namba ya shasi zinasomeka na kila mtu. Na Ubelgiji, toka mwaka 2006, anayemuuzia mtu binafsi gari iliyotumika analazimika kutoa Car-Pass yenye historia ya kilometa. Ndugu aliye Bruxelles anayetuma gari aitume pamoja na karatasi hiyo.

Inchi nayo isikae kimya. DGDA inalipisha ushuru gari inapoingia, na OCC iko na kazi ya kupima bidhaa zinazotoka inje. Karatasi za mpakani ziwekwe mezani wakati wa mauzo. Na hati ya mauzo iandikwe mambo matatu, muuzaji atie sahihi: namba ya shasi, kilometa, na kama gari imewahi kugonga.

Muuzaji anayekataa kuandika hayo amekwisha jibu. Mnunuzi arudishe pesa mfukoni na aendelee kupanda taksi mpaka apate mwingine.