Je, Matumaini ya Dawa Huzaa Uzembe?

Mwaka 1996 tiba ya UKIMWI ilibadilika. Dawa zilizokuwapo awali zilitoa nafuu ya muda tu. Sasa madaktari walianza kuchanganya dawa tatu kwa pamoja, na katika miji kama San Francisco na London wanaume waliokuwa wamekwisha andika wosia walirejea kazini. Furaha hiyo ilifuatwa upesi na shutuma. Ilisemwa kwamba wanaume wapenzi wa jinsia moja, ambao ndio waliozikwa kwa wingi katika miji hiyo, wameacha kuogopa, na asiyeogopa hutupa kondomu.

Hoja hii bado ina wafuasi, na kwa kawaida huja ikiwa imevaa joho la busara. Tukiri kwamba haikutungwa hewani. Huko San Francisco, kati ya 1994 na 1997, wanaume waliosema hutumia kondomu kila mara katika ngono ya njia ya haja kubwa walipungua kutoka takribani asilimia 70 hadi 61, na kisonono cha njia hiyo kikaongezeka. Watafiti walipowauliza wanaume kama wanaona UKIMWI si tishio tena kwa kuwa dawa zipo, waliokubali ndio waliokiri zaidi kufanya ngono bila kinga.

Hata hivyo, mambo mawili kuandamana hakutuambii lipi limezaa lipi. Mtu aliyeacha kinga jana usiku ana kila sababu ya kujiambia leo asubuhi kwamba ugonjwa huu umelainika. Matumaini yakawa faraja ya baada ya tendo badala ya chanzo chake. Jonathan Elford na wenzake waliwahoji wanaume wa aina hii katika kumbi za mazoezi za London mwaka baada ya mwaka, kuanzia 1998 hadi 2001. Ngono isiyo salama iliongezeka, ni kweli. Lakini iliongezeka kwa wenye matumaini na kwa wasio nayo vilevile, na wenye matumaini walikuwa wachache. Mwaka 2004 uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kuwa watu wenye virusi waliokuwa wakimeza dawa hawakuacha kinga zaidi ya wale wasiomeza. Imani kuhusu dawa iliendelea kuandamana na hatari. Kumeza dawa kwenyewe hakukuandamana nayo.

Kuna jambo jingine ambalo walaumu hawapendi kulikumbuka: matumaini yale yalikuja kuthibitika. Januari 2008 madaktari wa Uswisi walitamka hadharani kwamba mtu anayetumia dawa barabara, ambaye virusi vyake havionekani tena katika kipimo cha damu kwa muda wa miezi sita, na asiye na ugonjwa mwingine wa zinaa, hamwambukizi mwenzi wake. Walishambuliwa sana, na moja ya hofu ilikuwa kwamba watu wangelegea. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya utafiti wa Ulaya uliofuatilia jozi 782 za wanaume, mmoja ana virusi na anatumia dawa, mwingine hana. Walifanya ngono bila kondomu takribani mara 76,000. Maambukizo kutoka kwa mwenzi aliye kwenye dawa yalikuwa sifuri. Wanaume 15 waliambukizwa katika kipindi hicho, na vipimo vya vinasaba vya virusi vikaonyesha kuwa kwa kila mmoja wao virusi vilitoka kwa mtu mwingine, nje ya jozi.

Hao 15 wanastahili kutafakariwa kuliko takwimu nyingine yoyote hapa. Hatari haikuwa kitandani kwa aliyepimwa, akajulikana, akatibiwa. Ilikuwa kwingine.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua vema upande wa pili, yaani elimu ya hofu. Tangu Kagera ya miaka ya 1980, ugonjwa ulipoitwa Juliana, tuliambiwa kwamba UKIMWI unaua, na kwa kweli uliua. Lakini hofu hiyohiyo ndiyo iliyowafanya wengi wakwepe kupima, na asiyepima hawezi kutibiwa. Ndiyo maana siwaelewi wanaotaka habari hii ifichwe kwa wanaume hawa eti wasije wakazembea. Anayeficha hamlindi mtu. Anamnyima sababu kubwa kabisa ya kumeza kidonge chake kila siku.

Kaswende na kisonono vimeongezeka miongoni mwao katika nchi nyingi za Magharibi, na hilo halifai kupuuzwa, maana dawa za virusi hazizuii magonjwa hayo. Ila anayetumia dawa kinga dhidi ya virusi hutakiwa kurudi kliniki kila baada ya miezi mitatu hivi, na anaporudi hupimwa magonjwa hayo pia. Aliyetishwa akabaki nyumbani hapimwi.