Kiwavi Ndani ya Chupa

Watoto wengi hawajui kwamba kiwavi alaye mahindi na nondo arukaye penye taa ni mdudu mmoja. Waonyesheni.

Mtoeni kiwavi mmoja ndani ya majani machanga ya muhindi. Akiwa na alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa 4 yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia, huyo ni kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka bara la Amerika, aliyefika kwetu Tanzania mwaka 2017. Mwekeni peke yake chupani, maana hawa hulana. Wekeni udongo wenye unyevu kidogo, majani mabichi kila siku, na kitambaa chepesi mdomoni pa chupa. Akikomaa atajifukia udongoni; wakati wa joto, baada ya siku 8 hadi 14, atatoka nondo.

Nondo huyo msimwachilie: jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Lakini akitoka nyigu mdogo, mwacheni aende zake. Yeye huua viwavi.

Basi, kesho asubuhi nendeni shambani na watoto wenu, mkayaponde mayai majanini kabla hayajaanguliwa.