Tamko la Wakunga na Washauri wa Afya wa Mahoko kuhusu Moshi wa Tumbaku na Ujauzito

Sisi wakunga, wauguzi na washauri wa afya wa Mahoko, katika tarafa ya Kanama, wilaya ya Rubavu, tulioungana katika chama kimoja, baada ya kukutana na kushauriana, tunatamka yafuatayo mbele ya wananchi na mamlaka zote zinazohusika.

Yaliyo ya hakika

1. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000. Mbili kati yake zinatosha kueleza madhara anayoyapata mtoto aliye tumboni. Nikotini hubana mishipa ya damu inayolisha kondo la nyuma, kisha hupenya kondo hilo na kumfikia mtoto mwenyewe. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na kila inapokaa, hewa ya mtoto hukosa nafasi.

2. Mwaka 1957, huko California, daktari Winea Simpson alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanawake wanaovuta sigara huzaa watoto wenye uzito pungufu mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Tangu hapo ushahidi umezidi kuongezeka. Mtoto wa mama anayevuta hupungukiwa kwa wastani wa gramu 200 hivi. Mama huyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya mimba kutunga nje ya mji wa mimba, mimba kuharibika, kondo kuziba njia au kubanduka kabla ya wakati, kujifungua kabla ya majuma 37, na kuzaa mtoto mfu. Hata mtoto akizaliwa mzima, hatari ya kufariki ghafla usingizini humfuata.

3. Nchini Rwanda wanawake wanaovuta sigara ni wachache kuliko wanaume, ingawa kiko hakijatoka mikononi mwa baadhi ya bibi zetu. Kwa hiyo moshi unaomfikia mjamzito wa Mahoko mara nyingi umewashwa na mkono wa mwingine: mume anaporudi jioni, mkwe aliyeketi na kiko chake kando ya moto, mteja wa baa ambamo mama huyo anatafuta riziki. Baridi ya milima yetu hufunga milango na madirisha, na moshi hulala ndani pamoja na watu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa umeonyesha kwamba mjamzito asiyevuta, anayepumua moshi wa wenzake, naye huongezewa hatari ya kuzaa mtoto mfu.

4. Taifa halikulala katika jambo hili. Mwaka 2005 Rwanda iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Sheria Na. 08/2013 ya tarehe 01/03/2013 ikakataza kuvuta mahali pa umma pasipotengwa kwa ajili hiyo, na kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18. Desemba 2017 Wizara ya Afya ikapiga marufuku shisha.

Msimamo wa chama

5. Mtu mzima anayekerwa na moshi huinuka akatoka nje. Mtoto aliye tumboni hana pa kutokea. Kwa sababu hiyo chama kinashikilia kwamba hewa ya mjamzito ni haki, na haiwezi kutegemea hisani ya anayevuta.

6. Chama hakikubali mzigo huu abebeshwe mama peke yake. Mjamzito anayevuta ameshikwa na uraibu. Akikaripiwa ataficha, na anayeficha hasaidiki. Aelezwe ukweli kwa upole: kuacha kuna faida wakati wowote wa ujauzito, na anayeacha katika miezi ya mwanzo hupunguza hatari nyingi zilizotajwa hapo juu.

7. Sheria inalinda soko, ofisi na gari la abiria. Kinachobaki ni chumba cha kulala na jiko, ambako askari haingii wala hatakiwi kuingia. Hapo mlinzi ni mwenye nyumba. Mzee mwenye kiko anastahili heshima yake yote, na heshima hiyo haivunjwi kwa kuombwa akivutie uani hadi mjukuu azaliwe na akue.

Maazimio

8. Kila mjamzito atakayefika kwetu ataulizwa, tangu hudhurio la kwanza, maswali mawili: je, anatumia tumbaku ya aina yoyote, na nani anavuta nyumbani au kazini kwake? Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo mwaka 2013. Majibu yatakuwa siri.

9. Kwa kuwa nchini mwetu mume huhimizwa kumsindikiza mkewe katika hudhurio la kwanza, swali la pili ataulizwa yeye mwenyewe, na ushauri atapewa yeye mwenyewe.

10. Chama kinaziomba mamlaka za tarafa na wilaya zisimamie kwa ukamilifu sheria iliyopo katika soko la Mahoko, vituo vya magari na baa, na kuwataka waajiri wasiwaweke wajawazito penye moshi.

11. Chama kinawaomba viongozi wa vijiji walipe suala hili nafasi katika mazungumzo ya baada ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, na katika umugoroba w'umuryango, yaani jioni ya familia, mbele ya wanaume na wanawake pamoja.

12. Chama kinaanza na nyumba yake. Kuanzia leo, hakuna mwanachama atakayevuta akiwa kazini, wala kumhudumia mjamzito au mtoto mchanga akiwa amevaa nguo zinazonuka moshi. Atakayekiuka ataitwa mbele ya wenzake ajieleze. Tunalolidai kwa mwenye nyumba tumekwisha kujifunga nalo.

Limetolewa Mahoko, kwa niaba ya wanachama wote.