Mama mkubwa kaja Dar, nimpeleke wapi?

Msomaji wangu, kama unaishi Dar es Salaam basi kasheshe la simu ya Jumatano unalijua. Simu inalia, unaona ni ya nyumbani, unapokea kwa bashasha, shikamoo, marahaba, halafu unaambiwa: "Mwanangu, keshokutwa nakuja kutembea. Siku mbili tu, Jumapili jioni narudi." Papo hapo moyo unapiga hesabu mbili kwa mpigo, ya furaha na ya mfukoni.

Mwenzenu yalinikuta mwezi uliopita. Mgeni mwenyewe ni mama mkubwa wangu wa Dodoma, mama wa watu mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wazee wetu hawashikiki. Zamani Dodoma hadi Dar ilikuwa basi la kutwa nzima, unashuka miguu imevimba kama mihogo. Siku hizi anapanda kwao na vitenge vyake, saa nne hivi yuko mjini, na pasi ya nguo haijaharibika.

Basi bwana, nikakaa na karatasi nikapanga. Jumamosi asubuhi pantoni hadi Kigamboni, mchana Mlimani tukashangae maduka, jioni Coco Beach, usiku tukapunge hewa darajani Tanzanite. Jumapili, Bagamoyo! Nikamwonyesha jirani yangu anayeendesha bajaji. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Hii ratiba ni ya mtu mwenye helikopta," akasema.

Na kweli. Kosa letu wenyeji ni kupanga mji kwa majina makubwa, tukisahau kwamba kati ya jina na jina kuna foleni. Mgeni wa siku mbili anaondoka ameona migongo ya daladala tu. Nikachana karatasi, nikaanza upya: siku moja, upande mmoja wa mji. Jumamosi upande wa Barabara ya Bagamoyo. Jumapili mjini penyewe, kwa sababu Jumapili ofisi zimefungwa, Posta inapumua, mzee mwenye magoti anaweza kuvuka barabara bila kukimbizwa kama kuku.

Ijumaa usiku, tumeshakula, mama mkubwa akaniambia: "Huko kwingine utanipeleka unakotaka. Mimi nina kimoja tu. Nataka kuona mahali alipochukuliwa babu."

Nikashika kijiko. Babu yupi tena?

Kumbe ni babu yake mzaa baba. Vita ya kwanza ya dunia, ile wazee wanayoiita vita ya Mjerumani, Waingereza walipoingia Ugogo mwaka 1916 walihitaji watu wa kubeba mizigo ya jeshi. Magari hayakupita porini, punda walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo ikabebwa vichwani: risasi, unga, mpaka vitanda vya maofisa. Babu akachukuliwa mwaka uliofuata. Hakurudi. Nyuma yake ikaja njaa ile Wagogo wanayoiita Mtunya, ya 1918 hadi 1920, na nyumba ikawa na mambo mengi ya kulilia kuliko mtu mmoja aliyepotea. Kilichobaki kwenye ukoo ni sentensi moja tu: "Alikwenda na mzigo, upande wa pwani."

Sasa mimi nilikuwa nimejiandaa na mishkaki, jamani. Usiku ule nililala nimechelewa.

Jumamosi tukaanza na Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama. Nakishauri kwa mgeni yeyote, kwanza kiingilio cha Mtanzania ni nafuu, pili kuna vivuli. Kipo tangu miaka ya 1960, na ndani zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali, unapita kutoka moja hadi nyingine kama unatembea nchi nzima kwa kandambili. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye tembe ya Wagogo. Mama mkubwa akasimama, akainama mlangoni, akapiga jicho paa la udongo.

"Mwanangu," akasema, "nimelipa nauli ya treni kuja kuonyeshwa nyumba niliyozaliwa?"

Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini ndiyo hapo hapo alipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Akanionyesha walipolala ndama, akanionyesha mahali pa kuwekea ghala la uwele, akakosoa hiki na kile. Watalii wawili wakasogea kusikiliza wakidhani ni mfanyakazi wa pale. Nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, tukaponea chupuchupu.

Kutoka hapo Mwenge kwenye vinyago ni pua na mdomo. Hapa sina mengi: nenda, tazama Wamakonde wakichonga mpingo, usikubali bei ya kwanza.

Jioni nikampeleka Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. "Tingatinga lile la kubomoa nyumba?" akauliza. Nikamwambia hapana mama, hili ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alikuja Dar kutafuta maisha, akafanya kazi za majumbani kwa wazungu, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Hakusoma shule yoyote ya sanaa. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka arobaini tu, na ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza. Leo chui wake wenye macho makubwa wamejaa kila duka la watalii. Mama mkubwa akanunua kichoro kidogo cha kanga wa porini, akapunguziwa bei kwa sababu aliwasalimu wachoraji wote mmoja mmoja. Tukamalizia Coco Beach kwa mihogo ya kukaanga na pilipili. Mihogo aliisifu, bahari akasema ina kelele.

Jumapili sasa.

Mama mkubwa ni Mwanglikana, kwa hiyo siku ikaanzia kanisani Mtakatifu Albano, pale Posta. Ibada ilipokwisha tukashuka taratibu hadi kwenye mzunguko wa Samora, lilipo sanamu la askari. Wewe msomaji umelipita mara ngapi? Mimi nimelipita maisha yangu yote, nikijua ni mahali pa kuelekezana: "Nakusubiri pale Askari." Sikuwahi kusogea.

Pale palikuwa na sanamu la Mjerumani, Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaling'oa. Mwaka 1927 wakaweka hili la shaba, askari mweusi kashika bunduki yenye singe mbele, kama anasogea kuelekea bandarini. Chini kuna maandishi, Kiswahili kipo na Kiingereza kipo, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yule mwandishi wa Uingereza. Tukavuka. Nikamsomea mama mkubwa kwa sauti. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana, halafu yanawataja na wapagazi.

"Rudia hapo kwa wapagazi," akasema. Nikarudia.

Akauliza swali ambalo nilijua litakuja: "Majina yao yako wapi?"

Hayapo. Nilikuwa nimesoma usiku ule niliochelewa kulala. Wapagazi wengi walizikwa walipoangukia, bila alama, na wakubwa wa wakati ule waliona si lazima kuandika majina yao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nikamweleza hivyo hivyo, sikupunguza.

Akanyamaza. Halafu akataja jina la babu yake, na la baba wa huyo babu, polepole, kama anamsomea karani. Kijana aliyekuwa anauza vocha jirani akageuka kututazama. "Haya," mama mkubwa akasema, "njaa inauma."

Kula hapo si taabu. Ukitoka Samora ukapanda kuelekea mitaa ya Uhindini, Indira Gandhi, Jamhuri, Kisutu, tazama juu kwanza, kwenye vibaraza vya mbao na plasta za maghorofa ya zamani yaliyobaki kati ya vioo vipya. Kisha fuata harufu. Tulikula bhajia na kachori za moto zenye chatini ya nazi, tukateremshia na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Kwa mtu wa Dodoma, chatini ile ilikuwa habari mpya. Aliomba afungiwe nyingine ya njiani.

Kisha Mnazi Mmoja. Ule uwazi haukuachwa kwa bahati mbaya, msomaji. Wakoloni waliugawa mji, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na Mnazi Mmoja ukawa uwanja wa kutenganisha. Ukiuvuka kwa miguu kutoka Uhindini unavuka mpaka wa zamani, na upande wa pili unapokelewa na Lumumba, mtaa ambako TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Halafu hiyo hapo, Kariakoo.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeficha zawadi yangu. Mama mkubwa ameijua Kariakoo miaka yote kwa khanga na masufuria. Nikamwambia: jina hili si la Kizaramo wala la Kihindi. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kikiitwa kwa lugha yao Carrier Corps, na kambi yake ilikuwa hapa. Watu wakalitamka walivyoweza, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, asili ni hiyo hiyo.

Akasimama katikati ya Mtaa wa Msimbazi, machinga wanampita kushoto na kulia, spika inatangaza suruali.

"Kwa hiyo alilala hapa?"

Msomaji, nilikuwa na jibu tamu mdomoni. Ndiyo, mama, alilala hapa. Nani angenibishia? Angerudi Dodoma amebeba kitu cha kuwaambia ndugu. Lakini wapagazi wa Ugogo walisambazwa, wengine waliishia Rufiji, wengine Kilwa na Lindi. Nikasema, "Sijui, mama. Huenda alipita. Huenda hakufika."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji kamili. Tukaendelea kutembea. Nyumba za Kiswahili, zile za vyumba sita na korido katikati na baraza mbele, zimebaki za kuhesabu, maghorofa yamezimeza. Nikamwonyesha soko kuu lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lile lililoungua Julai 2021. Akanunua khanga mbili. Lazima.

Saa ikawa inatukimbiza. Kutoka Kariakoo hadi Stesheni si mbali, lakini magoti yalikuwa yamegoma na vifurushi vimeongezeka: khanga, kichoro, chatini, na sufuria ambalo sikuliona likinunuliwa. Nikawa natafuta bajaji, mara akapita kijana wa kubeba mizigo, robota kubwa kichwani, jasho linamtiririka, "Mzigo! Mzigo! Pembeni mama!" Mama mkubwa akasogea pembeni, akamtazama mpaka anatua dukani.

Kijana alipogeuka akamwona. "Nikubebee, mama?"

Najua bei ya pale, nikafungua mdomo kupatana. Mama mkubwa akanishika mkono. Akampa kijana sufuria tu, khanga akabeba mwenyewe, tukatembea wote watatu hadi Stesheni kwa mwendo wa magoti yake. Tulipofika akamlipa mara tatu ya alichotaja. Mimi nikakohoa, nani alinisikia?

"Unaitwa nani, baba?" akamuuliza. Kijana akataja. "Na baba yako?" Akataja. "Na babu yako?" Kijana akacheka, akakuna kichwa, akataja na la babu.

Mama mkubwa akayarudia yote matatu kwa mpangilio, akamwambia akisikia amekosea amsahihishe. Treni iliondoka kwa wakati. Chatini aliisahau kwangu.