Beni-Butembo: Wenye malori waache kupoza injini kwa maji ya mto

Malori yanayobeba unga, chumvi, mafuta ya kupikia na mabati yanatoka mpakani Kasindi, yanapita Beni na kupanda hadi Butembo. Juu ya mizigo wanakaa watu: wachuuzi, wanafunzi, na familia zinazokimbia vita, na magodoro yao na watoto. Lakini wako wenye malori ambao hadi leo wanajaza radiatere kwa maji ya mto yaliyochotwa kwa bidoni, na wanaita hiyo kubana matumizi. Huko si kubana matumizi. Ni kumtwika abiria gharama ambayo mwenye gari amekataa kulipa.

Jibu lao linajulikana: dawa ya radiatere ni ya nchi za theluji, huku Kivu hakuna barafu. Jibu hilo ni la uongo. Kuzuia barafu ni kazi moja tu ya dawa hiyo. Kazi nyingine mbili zinahitajika huku kuliko Ulaya: kuchelewesha maji kuchemka, na kulinda chuma.

Kuhusu kuchemka, Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Kwa urefu huo maji matupu yanachemka karibu digrii 94, si 100. Ukichanganya nusu dawa na nusu maji safi, kiwango hicho kinapanda kwa digrii kadhaa. Kifuniko kizima cha radiatere, chenye kushika presha, kinaongeza tena. Lori lenye tani nyingi, linalopanda mlima kwa gia ya kwanza katika matope, linaihitaji kila digrii.

Kuhusu chuma, maji ya mto yanaacha chokaa, kama ile inayoganda chini ya sufuria ya chai. Chokaa inaziba njia za maji, na kutu inakula pampu. Tena injini nyingi kubwa za mazuti zina silinda zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Kila mazuti yanapolipuka, ukuta wa silinda unatetemeka, na upande wa nje vinatokea viputo vidogo vinavyopasuka na kung'oa chuma chembe kwa chembe. Mwishowe tundu linatoboka, maji yanaingia kwenye oili, na injini inakufa. Bei ya kuifungua injini nzima ni sawa na bidoni ngapi za dawa? Mwenye gari anajua hesabu hiyo. Anatumaini tu kwamba siku hiyo haitafika.

Na dawa yenyewe si yoyote tu. Ya gari dogo inaweza kukosa kinga dhidi ya viputo hivyo. Rangi haithibitishi kitu: kijani, nyekundu au bluu ni uchaguzi wa kiwanda. Kinachothibitisha ni maandishi kwenye bidoni yanayosema inafaa injini kubwa za mazuti, yakilingana na kitabu cha gari. Kuchanganya aina mbili zisizopatana ni kuharibu zote mbili.

Anayelaumiwa kila mara ni shofere. Lakini shofere anapewa pesa ya mazuti na ya vizuizi vya barabarani, hapewi ya dawa. Gari likichemka, yeye ndiye anayefungua kifuniko cha moto na kuungua uso. Na abiria wanabaki barabarani. Katika njia ya Beni-Kasindi magari yamechomwa na watu wameuawa katika mashambulizi ya waasi wa ADF. Kukwama huko hadi giza liingie si usumbufu wa safari, ni hatari ya kifo. Mama aliyekimbia kijiji chake hastahili kufia njiani kwa sababu ya radiatere.

Kuna hatari nyingine inayogusa kambi za wakimbizi wa ndani. Dawa nyingi za aina hii ni sumu yenye ladha tamu. Ikimwagwa njiani, mtoto au mbuzi anaweza kuinywa. Na bidoni yake, hata ikioshwa, isitumiwe kamwe kwa maji ya kunywa wala mafuta ya kupikia. Mafundi wanaoziuza bidoni hizo tupu sokoni waache.

Kwa hiyo wenye malori waweke dawa inayofaa kabla ya kupokea nauli. Vyama vya mashofere viwe na haki ya kukataa gari lenye maji matupu. OCC, yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia, iangalie bidoni zinazovuka Kasindi, maana maji yenye rangi si dawa. Na abiria, kabla ya kupanda, aulize: humo ndani mmeweka nini? Anayelipa nauli ana haki ya kujibiwa.