Msitununulie kelele

Kila projeti ya vijana ikifika Buterere na pesa ya muziki, inaleta kitu kilekile: bafle kubwa jeusi lenye taa za rangi. Gitaa nalo limo, lile la mbao lenye tundu la waya. Nani kachagua? Mtu wa manunuzi, huko ofisini. Anayepiga gitaa hakuulizwa hata siku moja. Jamani, huo si msaada wa muziki. Ni msaada wa kelele.

Gitaa hilo, chini ya nyuzi lina kipande chembamba kinachosikia mtikisiko. Nguvu yake ni ndogo, ndiyo maana ndani mnakaa betri ya volti 9, ambayo ikiisha hakuna bajeti ya nyingine. Ukilichomeka popote tu, sauti inatoka nyembamba kama bati linalokwaruzwa. Ukiongeza, tumbo la gitaa linakamata sauti ya bafle na kuirudisha: wiiii! Watu wanaziba masikio. Ampli ya gitaa la umeme nayo si dawa, maana spika yake inakata sauti za juu, na uhai wa gitaa la mbao uko hukohuko juu.

Sisi Wakongomani gitaa hili tunalijua. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, leo Likasi: mtu mmoja, gitaa moja, gumba linashika besi, kidole cha shahada kinatembeza wimbo. Ufundi ule unataka kila noti isikike. Upitishe kwenye bafle la disko, unabaki na vumbi.

Tunachotaka ni kidogo: ampli ya gitaa la mbao, wati 15 mpaka 30, matundu mawili, moja la gitaa na moja la mikro, inayotumia pia betri. Betri si anasa. Umeme unakatika, na kambini kuna sehemu haupo kabisa. Wati hizo zinatosha darasa lililojaa vijana.

Watu wa mashirika watajibu: bafle kubwa linafaa kwa yote, mkutano, mechi, tangazo la chanjo. Sawa kabisa. Basi liandikeni kwenye bajeti ya mikutano, msiliandike kwenye yetu halafu ripoti iseme vijana wamewezeshwa kimuziki. Mnatufundisha kila wiki neno ushirikishwaji. Lianzie dukani: mchukueni mpiga gitaa mmoja, aende na gitaa lake, achomeke, apige polepole, aimbe juu yake. Tikiti ya basi mpaka mjini haiwezi kuwashinda.

Na ninyi wapiga gitaa wa Kavumu, Musasa na Bwagiriza: siku karatasi ya kupokea vifaa ikiletwa na kalamu, msisaini haraka. Chomekeni kwanza.